Jino la bi harusi halikungoja nikaha



Leo hatuwaletei mitindo ya magauni wala namna ya kufunga mtandio. Tunataka kuwahadithia habari ya jino. Mtatusamehe. Ni habari ya aibu kidogo kwetu, maana kosa tulilifanya wenyewe, lakini tumeona tukinyamaza atatokea bi harusi mwingine apatwe na yaliyompata mdogo wetu.

Kwanza tujitambulishe kwa wageni. Sisi ni wanawake watatu wenye cherehani tatu, tuko Kayanga, wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Unguja. Alimaliza kidato cha nne, akasoma kozi ya ushonaji, akaolewa huku bara, na sasa yuko kwenye miaka ya thelathini. Wawili waliobaki ni mawifi zake, wazaliwa wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Tunashona magauni ya bi harusi, mabaibui, kanzu za watoto na sare za madrasa. Watu wa Unguja wakisikia Karagwe hudhani ni mwisho wa dunia, lakini babu zetu waliijua njia hii zamani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, hapa hapa Karagwe, na Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861 aliwakuta watu wa pwani wameshafika kabla yake. Kwa hiyo sie si wa mwanzo kuja huku na vitambaa.

Sasa tuje kwenye jino.

Jino lilivyoanza

Mdogo wetu wa mwisho alichumbiwa, na nikaha ikapangwa mwezi wa Shaabani ili Ramadhani imkute yuko kwa mumewe. Gauni lake tulianza kulikata mapema kwa furaha. Mwezi wa Rajabu akaanza kulalamika kuwa akinywa maji ya baridi jino la nyuma, chini kulia, linampiga kama shoti ya umeme. Jino lenyewe lilikuwa na tundu la miaka miwili. Alikuwa akila nyama anachokonoa na kijiti, mambo yanaendelea. Baada ya siku chache hata chai ya moto ikawa inamuuma, kisha likaanza kuuma lenyewe usiku bila kuguswa. Mtu yeyote aliyewahi kuumwa na jino usiku anajua. Unahesabu adhana ya alfajiri kwa vidole.

Tulimpeleka zahanati. Pale hapakuwa na mtu wa meno, akapewa dawa ya maumivu tukaambiwa twende kituo kikubwa zaidi. Tukaenda. Mtaalamu wa meno alikuwa safarini, tukaambiwa turudi Jumatatu. Jumatatu tulipanga foleni tangu asubuhi, tukamwona. Akaangalia, akasema fizi imevimba na chini kuna usaha, ameze dawa siku tano halafu arudi jino ling'olewe. Alituambia maneno hayo mara mbili: ameze, halafu arudi.

Mdogo wetu alimeza. Siku ya tatu maumivu yakakatika kabisa. Alhamdulillah, tukasema, jino limepona.

Siku ya kurudi ilipofika tulikuwa na magauni manane mezani. Nyinyi mnajua Shaabani ilivyo, kila mtu anataka kuoa kabla ya mwezi mtukufu. Mdogo wetu naye alikuwa na lake moyoni. Akatuuliza, "Dada zangu, na nikienda kung'olewa, nitakaa na pengo siku ya harusi yangu? Nikicheka je?" Tukaangaliana. Kisha tukasema neno ambalo hadi leo linatuuma: "Basi ngoja mpaka baada ya nikaha. Si halikuumi tena?"

Hakulisema mama mkwe wala jirani. Tulilisema sisi, watu wazima, na sindano mikononi.

Wiki tatu za ukimya

Wiki tatu hazikuwa na neno. Mara moja moja alisema anahisi kitu cha chumvichumvi mdomoni, na kwenye fizi palitoka kipele kidogo kama kichwa cha pini, kikapasuka, kikapotea, kikarudi. Hatukukijali. Hakimuumi, tulijiambia.

Baadaye hospitali tulielezwa kilichokuwa kikiendelea, na tunataka nanyi mkijue. Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mshipa wa fahamu na mishipa ya damu. Uozo ukila ukuta wa jino ukafika ndani, vijidudu huingia, ile nyama huvimba mahali pasipo na nafasi ya kuvimba, ndiyo maana maumivu huwa makali vile. Ikishakufa, maumivu hupungua au huisha. Lakini vijidudu havijafa. Vinateremka hadi kwenye ncha ya mzizi na kutengeneza usaha ndani ya mfupa. Kile kipele kwenye fizi kilikuwa ndiyo mlango ambao usaha ulikuwa ukitokea.

Na dawa alizomeza? Zilituliza uvimbe wa nje, lakini jino lililokufa halipitiwi na damu ndani yake, na dawa husafiri kwa damu. Haiwezi kufika kwenye shina la ugonjwa. Kwa hiyo dawa zile zilikuwa za kutuvusha tu mpaka siku ya kuling'oa. Sisi tulizichukua kama ndiyo tiba yenyewe.

Siku ya singo

Siku sita kabla ya nikaha tulifunga kibanda, tukabeba cherehani moja kwa marekebisho ya mwisho, tukaenda Nkwenda nyumbani kwa wazee. Dada wa Unguja alikuwa ameagiza singo kutoka kwao, na udi, na hina nzuri. Alisema mdogo wetu asitoke kama amenyang'anywa, atasuguliwa kama mwari wa visiwani. Akina mama wa pale wanamwita bi harusi omugole, wakakusanyika kutazama mambo ya pwani.

Singo ilipakwa mikononi, miguuni, shingoni. Mkono ulipofika taya la kulia, mdogo wetu aliruka akatoa sauti. Pale pale tukahisi shavu lina moto kuliko mwili wote. Tukamwosha, tukamulika na taa ya simu. Uvimbe ulikuwepo, yeye alikuwa akiuficha kwa mtandio tangu juzi yake. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, akajibu, "Mlisema tungoje."

Usiku ule tulifanya kila tulichokijua. Maji ya chumvi. Karafuu. Mtu mmoja akaenda dukani akarudi na vidonge vya rangi mbili vinne kwenye karatasi, bila jina, bila maelezo. Jirani mmoja, Mungu amsamehe, alishauri matone ya maji ya betri. Tulikataa hilo. Shangazi akapasha kitambaa moto akamkanda, tukamwacha amkande. Hilo nalo tulikuja kuambiwa kuwa ni kosa, kwa sababu joto huongeza uvimbe wa namna ile. Kitambaa cha kuweka ni cha baridi.

Ijumaa jioni

Kesho yake uvimbe ulishuka chini ya taya na kuanza kuvuka kwenda upande wa kushoto. Kufikia saa kumi alikuwa hawezi kufungua kinywa zaidi ya upana wa kidole kimoja. Sauti yake ikabadilika, kama mtu anayezungumza na tonge mdomoni. Mate yakawa yanamtoka kwa sababu kumeza kunauma. Homa ikawa kali. Akataka kulala akashindwa, alisema akilala chali anakosa pumzi.

Ilikuwa Ijumaa, mvua inanyesha, na barabara ya vumbi ikinyesha inakuwa sabuni. Tukakodi gari. Tulimkalisha kati yetu, akiwa ameinamia mbele, tukapita Omurushaka giza limeshaingia. Hakuna aliyezungumza. Aliyekaa kushoto alikuwa akisoma Yasin kimyakimya, na aliyekaa kulia alikuwa ameshika mkono wake anahesabu pumzi. Tulikuwa tumekwisha kushona shela lake. Lilikuwa limetundikwa ukutani kule nyumbani, na tulikuwa tunawaza jambo ambalo hatukuthubutu kulitamka, kwamba huenda nguo ya mwisho tutakayomvalisha haitakuwa lile shela.

Hospitali walimpokea haraka walipomwona alivyokaa. Hawakumlaza chali. Walimwekea dripu, wakamchoma dawa, daktari akaitwa. Usiku ule jino liling'olewa, na chini ya taya akapasuliwa mahali padogo usaha utoke, wakaacha kipande cha shashi ndani ili kidonda kisizibe mapema. Sindano ya ganzi ilimuumiza kuliko kawaida. Walitueleza kuwa mahali penye usaha mwingi ganzi hushika kwa shida, na hiyo ni sababu nyingine ya kutongoja.

Daktari hakutugombeza. Alituuliza tu jino lilianza lini, tukamweleza, akatikisa kichwa. Uvimbe wa namna hii chini ya ulimi na taya ni ugonjwa unaojulikana tangu zamani. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliuandika mwaka 1836, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Unaua kwa kuziba njia ya hewa, na mara nyingi huanzia kwenye jino la chini la nyuma lililooza. Daktari alisema tulimfikisha ulipokuwa ndiyo kwanza unaanza. Hatukuhitaji kuambiwa ingekuwaje tungengoja asubuhi.

Nikaha

Alikaa hospitali siku nne. Siku ya pili mama wa mchumba alikuja na chupa ya uji. Tulikuwa tumejiandaa kwa lawama, pengine hata kwa kuvunjika kwa posa, maana watu husema maneno. Yeye alikaa kitandani, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akasema mwanawe anauliza kama mgonjwa anaendelea vizuri, mengine yatajipanga.

Nikaha ilifungwa siku ile ile iliyopangwa, msikitini, baada ya sala ya adhuhuri, walii wake akiwepo na ridhaa yake ikiwa imeulizwa. Walima uliahirishwa hadi Shawwal. Bi harusi wetu alitoka hospitali siku moja kabla, ana bandeji chini ya kidevu. Shela lake lilikuwa na kola ndefu ya lesi tuliyojivunia sana. Usiku ule tuliitatua yote, tukashona shingo pana ya hariri laini isiyogusa kidonda, na juu yake mtandio ukaficha kila kitu. Ilikuwa kazi ya saa sita. Tulipokuwa tunatatua uzi tukamwomba radhi, mmoja mmoja. Alisema ameshasamehe, ila tukome kukata uzi kwa meno.

Na pengo? Ni jino la tatu kutoka mwisho. Akicheka halionekani. Tulikuwa tumehatarisha roho ya mtu kwa ajili ya pengo ambalo hata mume wake hakuliona mpaka alipoonyeshwa.

Ramadhani ilipoingia bado alikuwa kwenye dawa, hivyo akala siku za mwanzo na baadaye akazilipa, kama alivyoruhusiwa mgonjwa katika aya ya 184 ya Suratul Baqara. Walitokea waliomnong'ona kuwa bi harusi mpya hafungi. Tukawajibu kwamba ruhusa ya Allah haihitaji kibali cha jirani.

Ukiumwa na jino na daktari hayupo karibu

Tunajua wengi wenu mko mahali kama sisi. Mtu wa meno yuko mbali, au ana siku maalumu, au foleni ni ndefu. Haya ndiyo tuliyoyakusanya kutoka hospitali, na tumeyabandika ukutani kwenye kibanda chetu.

Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, mara kadhaa kwa siku na kila baada ya kula. Tema, usimeze.

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamo za miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Ibuprofeni husaidia zaidi penye uvimbe, lakini imezwe baada ya chakula, na isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mjamzito. Hakikisha dawa mbili ulizopewa si kitu kimoja chenye majina mawili.

Karafuu zetu zina kazi ya kweli, wapenzi. Mafuta yake yana kitu kinachoitwa eujeno, kinachotia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe hukichanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda. Tone moja kwenye pamba, gusa lile jino, basi. Ukizidisha itaunguza fizi. Mtoto mdogo asiwekewe. Na karafuu hutuliza maumivu tu, usaha hauondoi.

Nje ya shavu weka kitambaa cha baridi, dakika kumi na tano, kisha pumzika. Lala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito miwili. Endelea kupiga mswaki taratibu hata pale panapouma, maana uchafu unaongeza vita.

Usiweke aspirini juu ya fizi, inaunguza. Usimwage unga wa kapsuli ndani ya tundu. Usiweke maji ya betri, petroli wala tumbaku. Usitoboe uvimbe kwa sindano, na hapa tunawasema mafundi wenzetu. Usinunue vidonge viwili vya rangi mbili dukani. Dawa za vijidudu zina kipimo na siku zake, na nyingine hazimfai mjamzito. Tetrasaiklini kwa mfano huharibu rangi ya meno ya mtoto aliyeko tumboni.

Halafu yapo yasiyongoja Jumatatu. Ukiona uvimbe wa uso unaongezeka au unashuka chini ya taya na shingoni, jicho linaziba, kinywa hakifunguki, kumeza ni taabu, mate yanatoka, sauti imebadilika, homa ni kali, au pumzi inapungua, ondoka saa ile ile uende hospitali, hata kama ni usiku, hata kama ni siku ya harusi. Usiende zahanati isiyo na daktari kwa sababu tu iko karibu, ikiwa una njia ya kufika kwenye hospitali. Na mgonjwa akae wima njiani.

Kwa mabi harusi wetu

Mnapokuja kupimwa gauni mara ya kwanza, mara nyingi inakuwa miezi mitatu kabla. Sasa tumeweka utaratibu. Tukishaandika kifua, kiuno na urefu, tunauliza, "Meno je?" Wengine wanacheka. Lakini watatu tayari wamekwenda kuangaliwa, na mmoja tundu lake lilikuwa dogo likazibwa, hakung'olewa. Jino likiwahiwa linazibwa. Likicheleweshwa, kwa wengi wetu huku, njia inayobaki ni kung'oa tu.

Kuna wanaoogopa kwa sababu daktari ni mwanamume, na atamfunua uso na kugusa kinywa chake. Haya ni mambo mema, na tunayaheshimu. Ukipata daktari wa kike, mwende. Usipompata, matibabu ni haja, nenda na mumeo, kaka yako au mwanamke mwenzako aketi humo ndani, ufunue panapohitajika tu. Mdogo wetu aliguswa na wanaume wawili usiku ule, na tulishukuru kwamba walikuwepo.

Wajawazito nao huambiwa wangoje wajifungue. Jino lenye usaha linaweza kutibiwa ukiwa na mimba, na miezi ya katikati ndiyo yenye raha zaidi. Mwambie tu daktari mapema kwamba una mimba ili achague dawa.

Ukishang'olewa, ng'ata pamba nusu saa, na siku hiyo usisukutue wala kutema kwa nguvu, ili damu igande ifunike kidonda. Mtauliza kuhusu udhu. Sisi tuliokulia kwenye madhehebu ya Shafi tulifundishwa kuwa kusukutua ni sunna katika udhu, si faradhi, kwa hiyo siku hiyo unaweza kuiacha. Ukiwa na shaka, muulize mwalimu wako. Kesho yake anza maji ya chumvi taratibu.

Na ya kila siku hayana ugeni. Mtume wetu (s.a.w.) aliupenda mswaki na kuuhimiza mno kabla ya sala, nasi tunauacha kwenye begi. Tumia mswaki wa mti, na dawa ya meno yenye floridi asubuhi na kabla ya kulala. Kinachooza meno ni asidi inayotengenezwa na vijidudu kila vinapopata sukari, kwa hiyo chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima kwenye cherehani inaumiza kuliko kipande cha halua kinacholiwa mara moja baada ya chakula. Sisi chai yetu sasa ina saa zake. Mkasi mdogo umefungwa kamba kwenye kila cherehani, na pini zina kito chake, hazikai tena kati ya meno.

Mdogo wetu amerudi kazini. Chini ya kidevu ana kovu la urefu wa ukucha, mtandio unalifunika. Wakati mwingine akiinama kutunga sindano tunaliona, na tunanyamaza kidogo. Kuling'oa jino lile siku ile ya tano kungetugharimu pungufu ya bei ya kushona baibui moja. Magauni manane tuliyoyamaliza wiki ile hatukumbuki hata yalikuwa ya nani.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awabariki mabi harusi wote wanaojiandaa, na atupe akili ya kuwasikiliza wadogo zetu wanaposema wanaumwa. Na wewe unayesoma huku ulimi wako unagusa lile tundu, usisubiri mpaka sherehe ipite. Nenda wiki hii.

Wassalaam alaykum, dada zenu wa Kayanga.